Hadithi Niliyomsomea Kerubo

Moraa mwanangu,

Barua huanza kwa kuuliza hali. Hali yako naijua: uko chumba cha pili, umelala mapema kwa sababu ya safari ya kesho, na unakoroma kama babako, Mungu amrehemu. Yangu utaijua ukifika mwisho. Nimekaa hapa mezani, taa nimeipunguza utambi, na nimejiapiza kwamba sitainuka mpaka nimalize. Nikiinuka tu nitakumbuka kuna sufuria haijaoshwa, kuna sketi yako haijapigwa pasi, na barua itakufa hapo hapo. Najijua.

Sitakuandikia habari za kujifunika vizuri wala za kuchagua marafiki. Hayo nimekuimbia wiki nzima mpaka ukaniambia, "Mama, mimi si mtoto." Haya basi. Kama si mtoto, tafuta mahali ukae, usome haya peke yako.

Barua hii inamhusu Mama Mdogo Kerubo. Najua ukiona jina hilo utakunja uso, maana miaka yote hii umeamini kwamba alikutupa, kwamba aliamka siku moja akaenda kwao bila hata kukuaga. Mtu akimtaja hapa nyumbani wewe hutoka nje ukajitia unaangalia kuku. Moraa, hakukutupa. Nilimfukuza mimi. Na sikumfukuza kwa fimbo wala kwa matusi, nilimfukuza kwa kitabu, kile kile nilichokufungia kwenye sanduku kati ya blanketi na shuka. Ninaogopa kwamba ukishajua nilichofanya hutarudi hapa likizo. Ukiamua hivyo sitakulaumu. Lakini siwezi kukuacha uende na kitabu kile, ukawapitishie wenzako huko chuoni, bila kujua kilitumiwaje hapa kwetu.

Utajiuliza pia kwa nini nakuandikia Kiswahili, na sisi hapa ni Ekegusii tangu kuamka hadi kulala. Nimejaribu kuanza kwa Ekegusii, nimechana karatasi. Ule uongo niliusema kwa Ekegusii, na nikijaribu kuuelezea kwa lugha ile ile najikuta naupamba tena.

Kitabu nilipewa na Mama Zuhura wa Kisii mjini. Habari zake umezisikia mpaka umechoka, lakini vumilia kidogo. Kabla sijaolewa nilifanya kazi nyumbani kwake, kuosha vyombo na kubembeleza watoto. Mumewe alikuwa na duka la vitambaa. Babu zao walitoka mbali, lakini yeye alizaliwa pale pale mjini na Ekegusii alikiongea mpaka wauza ndizi wakimsikia wanacheka. Mimi nilifika na Kiswahili cha kuombea ruhusa ya kwenda choo. Kila nikifungua mdomo alinirekebisha. "Ala! Nani amekufundisha kuongea hivyo, msichana? Utaniua bure." Jioni watoto wakishalala aliketi juu ya mkeka akanisomea, na baadaye akaniambia nimsomee mimi, na akifumba macho nilijua yuko macho anasubiri nikosee.

Kitabu chenyewe kilikuwa hadithi fupi fupi za zamani zilizokusanywa kutoka nchi nyingi, zikatiwa Kiswahili. Jalada lilikuwa limechanika hata wakati ule, na mpaka leo siwezi kukuambia kinaitwaje. Nilipoolewa akanipa, pamoja na leso pea moja, na akanipa sharti. "Kisikae kwako. Ukimaliza mpe mwenzako, na yeye akimaliza ampe mwingine. Siku nikija kwako nikakikuta kabatini, tutakosana." Nilicheka. Kule nilikokuwa naolewa, juu huku milimani kupita Sironga, nilijua hakuna hata kabati.

Nilianza kukibeba kwenda nacho kituoni. Wewe unakikumbuka kituo cha majani kilivyokuwa siku zile, kabla barabara haijamwagwa changarawe. Tukishachuma majani chai tunayapeleka pale, tunayatandaza ili yasichomeke, kisha tunangoja lori la kiwanda. Mvua ikinyesha lori linakwama huko chini na sisi tunangoja. Wanaume wanaenda kwenye kibanda cha mandazi kuongea siasa. Wanawake tunabaki na majani. Siku moja nikawa nimechoka kusikia nani amegombana na nani, nikatoa kitabu nikaanza kusoma. Nasoma sentensi kwa Kiswahili, naigeuza kwa Ekegusii, nasoma nyingine. Wee! Walinyamaza wote. Hata karani wa mizani, kijana mwenye madharau, alisogeza kiti chake karibu.

Baadaye wakaanza kukiazima kwenda nacho nyumbani. Na hapo ikatokea desturi ambayo sijui nani aliianzisha, lakini ikashika. Mtu akikirudisha, kabla mwingine hajakichukua, lazima asimame asimulie hadithi moja aliyoipata ndani. Asiposimulia hapewi tena. Hata wasiojua kusoma walikibeba, wakasomewa na watoto wao wa shule jikoni, halafu kesho yake wanakuja na hadithi yao kifuani wanaogopa kama bibi arusi. Mama Nyakundi, jirani yetu wa juu, alikuwa akisahau katikati, anamalizia na hadithi ya sungura aliyofundishwa na nyanyake, na tunampigia makofi hivyo hivyo. Ilikuwa raha. Nakuambia hili kwa sababu nataka ujue kwamba kabla ya yale mengine ilikuwa raha kweli.

Na aliyewashinda wote ni Kerubo.

Wewe ulikuwa darasa la tatu, kwa hiyo yako mambo unayoyakumbuka na yako usiyoyajua. Kerubo alikuwa mke wa baba yako mdogo. Baba yako mdogo alifariki akifanya kazi Kericho, wakamleta tukamzika pale chini karibu na mikaratusi, na wakabaki Kerubo na kipande chake cha chai na nyumba yake ya nyasi. Hawakuwa wamepata mtoto. Watu walimwambia bado ana nguvu, aende aolewe kwingine. Akasema hapa ndipo alipoletwa na hapa atakaa. Shuleni hakuwahi kukanyaga. Lakini kichwa alichokuwa nacho mwanamke yule! Alikuwa akikibeba kitabu kwenda nacho kwake, na wewe unamfuata nyuma, unamsomea ukikwamakwama, neno moja mara nne, na yeye anapepeta wimbi huku anasema, "Enhe. Endelea." Siku ya kurudisha anasimama pale kituoni, anaisimulia hadithi mpaka lori linaingia na hakuna anayegeuka. Alikuwa na sauti kwa kila mtu. Hata kwa punda.

Nilikuwa nacheka na wengine. Lakini moyoni nilikuwa naungua, haki ya Mungu. Kitabu ni changu, Kiswahili ni changu, mimi ndiye niliyewaletea, na sasa nikianza kusoma nasikia mtu anauliza, "Kerubo hajafika?" Hilo ningelimeza. Lililonishinda ni wewe. Ukitoka shule ulipita hapa kwetu kama mgeni, ukarusha mkoba mlangoni, ukateremka kwake mbio. Ukirudi unaongea kama yeye. Unacheka ukiziba mdomo kama yeye. Siku moja nilikuchana nywele ukaniambia, "Mama Mdogo hanivuti hivi." Nikakuchapa kwa kile chanuo. Pengine umesahau. Mimi sijasahau, na ulichokosa sikujua hata siku ile.

Ndipo ikaja homa. Ulikuwa mwaka wa mvua nyingi, na huku kwetu juu kwenye baridi hatukuwa tumezoea mbu. Watoto walianza kuanguka nyumba hadi nyumba. Zahanati ilijaa mpaka nje kwenye nyasi. Mama Nyakundi alimpoteza kitinda mimba wake. Tulizika, tukarudi kuchuma, tukazika tena. Na watu wakiishiwa na dawa, unajua wanavyoanza kuulizana. Mtoto alikula wapi? Alipita kwa nani? Nani alimsifu kwamba ni mzuri? Wewe mwenyewe ulianguka katikati ya hayo yote, na nilidhani nakupoteza.

Siku niliyokwenda kituoni babako alibaki na wewe. Majani yalikuwa yamezidi mtini na hatukuwa na namna. Niliwakuta wanawake wamekaa kimya, hakuna aliyechangamka. Mama Nyakundi alikuwa amejifunika leso hadi kichwani. Mmoja akasema, "Mama Moraa, tusomee kidogo, tusahau." Kitabu kilikuwa kwangu wiki ile. Nikakifungua. Kerubo alikuwa amekaa kwenye ukingo wa saruji, kikapu miguuni, na nilimwona vizuri kabla sijachagua hadithi. Nataka ujue hivyo. Nilimwona kwanza, kisha nikachagua.

Hadithi utaikuta. Mwanamke asiye na mtoto anaishi pembeni mwa kijiji na ng'ombe wake mmoja. Watoto wakitoka kuchunga hupita kwake, anawapa maziwa. Mtoto mmoja anaugua. Watu wanaanza kunong'ona juu ya yale maziwa, na tangu hapo hakuna mtoto anayepita. Anaendelea kukamua kila jioni, anaweka vikombe, anamwaga. Mwishowe yule mtoto anapona, na asubuhi moja mama yake anakuja mlangoni kwa yule mwanamke, kikombe kitupu mkononi, hajui aseme nini. Yule mwanamke anamjazia. Inaishia hapo.

Niliisoma vizuri, neno kwa neno, nikaigeuza vizuri, mpaka pale mama wa mtoto anapofika mlangoni. Nikainua macho kutoka kwenye kitabu, kidole kikiwa bado juu ya mstari ili waone nasoma, nikasema yangu. Nikasema yule mwanamke alipomwona mama wa mtoto alianguka chini akakiri. Akasema alitia kitu kwenye maziwa, kwa sababu alikuwa amechoka kusikia wengine wakiitwa mama.

Kerubo akasimama.

"Mama Moraa," akasema taratibu, "ndivyo kilivyoandikwa?"

"Ndivyo."

"Mbona mtoto alinisomea tofauti?"

"Mtoto wa darasa la tatu!" nikasema, na wengine wakaguna. "Haya, njoo utusomee wewe." Nikamnyooshea kitabu, ukurasa wazi, mbele ya watu wote.

Alikipokea, jamani. Nilidhani atakataa. Alikipokea akakitazama, akapitisha macho juu chini, kama vile maneno yangeweza kumhurumia siku hiyo tu. Kisha akanirudishia kwa mikono miwili, kama alivyonirudishia siku zote. Akajitwika kikapu chake, majani hayajapimwa, akaenda.

Karani alikuwa anajua kusoma. Hata kule kwenye mandazi walikuwapo watu wa kidato cha nne. Yeyote angeweza kuja akaangalia, na mimi kwa muda fulani nilisimama pale nikiomba mmoja aje. Mama Nyakundi akajifunua leso. Akasema, "Mtoto wangu alikunywa uji kwake." Mwingine akasema, "Na wangu." Halafu nikasikia neno ambalo mpaka leo likipita kichwani naweka kazi chini: "Kitabu kimesema." Hawakusema Mama Moraa amesema. Mimi wangenibishia, walizoea kunibishia. Walisema kitabu.

Ningeweza kuwaambia pale pale. Lori lilikuwa bado. Nilikuwa na muda wote duniani, na nilichofanya ni kuinama nikageuza majani yangu yasichomeke.

Neno lile lilitembea. Kesho yake liko mtoni, keshokutwa liko soko la Ekerenyo, na kila mahali lilipofika lilikuwa limenenepa: kitabu cha kale, kitabu cha wataalamu, kimetaja dalili zote, mjane, hana mtoto, anapenda watoto wa watu. Unajua siku zile walivyokuwa wanafanyiwa waliotajwa kwa uchawi. Sitayaandika. Vijana walipoanza kununua mafuta ya taa, babako alisikia kabla yangu, au labda mimi nilisikia nikajitia sijasikia. Ndiyo, hivyo ndivyo. Nilisikia nikiwa nachambua mboga, nikaendelea kuchambua. Babako ndiye aliyeteremka kwa Kerubo mchana ule, akamfunika koti lake kubwa la mvua, akampitisha kwenye migomba mpaka ng'ambo ya mto, wakatembea hadi kwao Nyaramba. Asubuhi iliyofuata nyumba iliungua ikiwa haina mtu ndani. Wewe ulikuwa umeanza kupata nafuu. Uliuliza moshi ni wa nini, nikakuambia wanachoma magugu.

Babako aliporudi aliketi hapa hapa nilipoketi. Akaniuliza, "Hadithi ile imeandikwa hivyo?" Nikamwambia hapana. Sikupigwa, sikutukanwa, na moyoni nilikuwa namwomba anipige. Lakini unakumbuka alivyopenda nimsomee gazeti la Jumapili akishaoga miguu? Tangu siku ile hakuniomba tena. Alikuwa anamwita mtoto wa jirani amsomee, nami nimekaa hapo jikoni namsikia yule mtoto anaharibu majina ya mawaziri. Mpaka anakufa hakuniomba tena.

Ulipouliza Kerubo yuko wapi nikakuambia ameenda kwao. Ukauliza atarudi lini, nikasema hajasema. Ukauliza, "Hakuniaga?" Nikasema, "Hakukuaga." Neno hilo moja tu, na nikakuona unalimeza. Kwa muda mrefu ulikuwa ukitoka shule unasimama pale njia ya kuteremkia, unaangalia chini kwenye majivu, ambayo nilikuambia ni moto wa magugu ulioruka na wakubwa hawakutaka kuyataja mbele yako, kisha unakuja kwangu. Nilikuwa nimekupata. Nilikuwa nakupikia vizuri siku hizo, nakubembeleza, nakusuka polepole. Nilikuwa nimeshinda, na kila ukinishika mkono nilikuwa natamani kujificha.

Kuna la chai pia, nisilipite. Sikufanya nilivyofanya kwa sababu ya shamba. Naapa. Lakini shamba halikubaki bila mwenyewe. Lilipoanza kuota mwitu babako alikataa katakata kusema chochote, na mimi ndiye niliyeingia na kikapu. Nilijiambia naliangalia tu kwa niaba yake. Mwaka ukaisha, wa pili ukaisha. Shule uliyosoma, sare ulizovaa, hata hilo sanduku, vimetoka kwenye majani ya Kerubo. Mimi na ndugu za babako tutalizungumza, na nimeshawaambia kwamba msimu ujao sitatia mkono mle. Wamenuna. Wanune.

Kitabu nilikificha. Kituoni nikasema kimepotea, kimenyeshewa. Nilikizungushia nailoni nikakizamisha kwenye debe la mahindi, na usomaji ukafa. Wanawake waliuliza kidogo wakaacha. Nadhani hata wao hawakutaka kukiona tena, kwa sababu homa haikuisha Kerubo alipoondoka. Iliendelea mpaka mvua ilipokatika. Mama Nyakundi alikuja siku moja akakaa hapo mlangoni, akasema, "Na kama haikuwa yeye?" Nikamwambia chai itapoa, anywe. Moraa, mwanamke yule alikuwa amenifungulia mlango niseme, nami nikamwongezea sukari.

Ulikuwa kidato cha pili ulipokifukua ukitafuta mahindi ya kupeleka kisiagi. Hukukumbuka kwamba uliwahi kumsomea mtu. Ulikisoma siku nzima chini ya mparachichi, kazi hazifanyiki, na mimi sikuthubutu kukukemea. Jioni ukaniambia, "Mama, kuna hadithi moja ya maziwa, imeisha vizuri sana. Nilitaka kulia." Nikakuambia nakuja, ng'ombe analia. Ng'ombe hakuwa analia. Nilikwenda zizini nikasimama.

Tangu hapo umekiazimisha kwa nusu ya darasa lako, kimerudi na madoa ya mchuzi, na kila kikirudi umemwuliza aliyekileta, "Umependa ipi?" Hukujua kwamba ndivyo tulivyokuwa tukifanya kituoni. Hakuna aliyekufundisha. Nilikuwa nakusikia kutoka jikoni, furaha na aibu vinanipanda kwa pamoja, nashindwa kujua nishike kipi.

Mwaka jana nilikwenda Nyaramba. Ulidhani nimeenda mazishi. Nilikuwa nimejifunza maneno njia nzima. Nikamwona sokoni, amekaa na marundo yake ya mboga, chinsaga na managu, anayanyunyizia maji kwa mkono. Amekonda. Mteja alisema kitu, akacheka akiziba mdomo, na miguu ikaniisha. Nilijificha nyuma ya mitumba kama mwizi. Nikashika sweta moja ya mtoto nikaigeuza weee, mpaka muuzaji akaniuliza, "Mama, unanunua au unapima?" Nikairudisha, nikageuka nyumbani. Domo langu lote hili unalolijua, la kuwafokea makarani na ndugu za babako, siku ile halikutoa hata salamu.

Kwa hiyo sikuandikii kama mtu aliyetengeneza mambo yake. Sijatengeneza. Ninachoweza kukuambia ni kwamba unakwenda kuwa mwalimu. Utasimama mbele ya watoto ambao hawawezi kukuangalia kama umesoma kweli, na wataondoka na chochote utakachosema, wakisema ni kitabu. Kuna siku utakuwa na hasira na mtu, au wivu, na kitabu kitakuwa mkononi. Sijui nikuambie nini kuhusu siku hiyo. Mimi nilikuwa nadhani nitaacha mwenyewe nikifika karibu, na sikuacha.

Sasa kuna moja ambalo nimelizunguka barua yote. Lile la kituoni wengi wanalijua nusu. Hili nalijua mimi peke yangu, hata babako sikumwambia.

Siku moja kabla ya kituoni, Kerubo alikuja hapa. Ulikuwa umezidiwa. Alisimama mlangoni na chupa ya uji ameifunga kwa leso isipoe. Akasema, "Nimwone tu. Sitaingia." Nikasimama nikaziba mlango kwa mwili wangu wote. Nikamwambia, "Mtoto hataki kukuona."

Akaniuliza, "Moraa amesema?"

Nikamjibu, "Kwa mdomo wake."

Akaiweka chupa chini, akageuka. Hakuniuliza la pili. Kwa hiyo, mwanangu, kabla ya kijiji, kabla ya moto, anachojua yeye ni kwamba wa kwanza kumkataa ulikuwa wewe. Amekaa nalo miaka yote hii, kama wewe ulivyokaa na lako.

Hukusema hivyo. Nilikuwa nimekupakata, nakukanda kwa maji, na wewe ukiwa na homa ile hukuwa unanijua. Ulikuwa unamwita yeye. Mama Mdogo, Mama Mdogo, bila kupumzika. Ndiyo maana nilipoona anakuja nilianza kwa kufunga dirisha na mlango wa chumbani.

Ukifika Ekerenyo kesho, usipande gari la chuoni. Uliza la Nyaramba. Chuo kitakungoja siku moja. Usiniombee msamaha kwake, huo nitaupeleka mwenyewe nikipata miguu. Wewe mwambie tu kwamba ulimwita.

Mama yako